Maji Chini ya Tamasha

Nimekuwa jirani wa Marlys Rudeen kwa miaka kumi na tisa, na sikumbuki hata siku moja nilipomwona amemaliza kikombe cha kahawa akiwa kwenye kiti kile kile alichoanzia. Ananyanyuka. Anafungua dirisha, anafunga dirisha. Anauliza kama mlango wa stoo umefungwa, na kabla hujajibu ameshatoka kwenda kuuangalia mwenyewe.

Aliendesha basi la shule hapa Nordby miaka thelathini na mmoja. Kazi hiyo ilimfaa, maana alikuwa amekaa lakini anakwenda. Nusu ya watu wazima wa mji huu walipanda basi lake wakiwa na pua zinazotiririka na sanduku la chakula mkononi, na mpaka leo wengi wao humwita Bibi Rudeen, hata wale wenye mvi. Alipostaafu, akiwa na miaka sitini na miwili, alipaka rangi gereji yake mara mbili mwezi mmoja. Mara ya pili ilikuwa rangi ile ile.

Mumewe, Harlan, ni kinyume chake kabisa. Yeye alifanya kazi posta, na sasa huweza kukaa kwa saa nane mfululizo ndani ya kibanda chake cha kuvulia juu ya ziwa, akitazama shimo kwenye barafu, arudi bila samaki na kusema siku ilikuwa nzuri sana. Watu husema siku utulivu ulipogawiwa, Harlan alipanga foleni mara mbili.

Basi mzee aliyekuwa akipima barafu kwa ajili ya Tamasha la Bia, lililokuwa likifanyika kila mwaka juu ya ziwa lililoganda, alipohamia kwa mwanawe, kamati ikatafuta mtu wa kumrithi, na Marlys akasema "mimi" kabla swali halijaisha. Tangu Desemba, kila asubuhi, ungemwona kwenye Ziwa Kettle, doa jekundu la koti lake likienda huku na huku juu ya weupe ule, akitoboa kwa kekee, akipima kwa kijiti, akihama hatua hamsini na kutoboa tena.

Mwaka huo barafu haikuwa nzuri. Theluji ilianguka mapema mno, kabla ziwa halijashika sawasawa, ikalifunika kama blanketi na kulizuilia baridi. Mwezi wa Februari, ambapo kwa kawaida tunakuwa na unene wa inchi ishirini na tano, Marlys alipata kumi na saba. Na katika hizo, sita za juu zilikuwa barafu nyeupe, ile yenye mapovu, isiyoaminika.

Ijumaa, siku moja kabla ya tamasha, alimfuata Wendell Ostby dukani kwake. Wendell ndiye mwenyekiti wa kamati. Anauza matrekta, ana mwili mkubwa, na kicheko chake hufika mahali kabla yeye hajafika. Mimi nilikuwa hapo kwa shida zangu nyingine, nikayasikia yote.

"Kumi na saba, Wendell. Na sita ni nyeupe."

"Kumi na saba! Marlys, baba yangu alipitisha lori la magogo kwenye inchi kumi na tano."

"Alipitisha. Hakuliegesha hapo mchana kutwa na kuleta wapiga muziki."

Wendell akacheka. "Usiku huu baridi inashuka nyuzi ishirini na sita chini ya sifuri. Umeona wapi barafu ikayeyuka kwenye baridi kama hiyo?"

"Sijasema itayeyuka. Nimesema itabonyea."

Walivutana, mwisho wakakubaliana. Magari yote yabaki nchi kavu. Vibanda viachane hatua thelathini. Wendell akaandika kwenye karatasi, akaigonga kwa kalamu, akasema, "Haya mama, umefurahi?" Marlys alikuwa ameshafika mlangoni.

Jumamosi ilikuja na baridi ile inayoganda ndani ya pua. Ukivuta pumzi unasikia vinyweleo vikishikana. Ukifumba macho kwa muda mrefu kidogo, kope zinakataa kuachana. Lakini watu wa huku hawajawahi kuahirisha bia kwa sababu ya baridi. Kufikia saa sita mchana walikuwa wamejaa ziwani karibu elfu mbili, kofia za manyoya, kofia zenye pembe, mwanamume mmoja amevaa taulo la kuogea juu ya nguo zake za theluji, na shingoni kila mtu ana mkufu wa biskuti za chumvi alizozifunga mwenyewe kwa uzi ili apate kutafuna kati ya bia na bia. Bia yenyewe ilikuwa ikipata ngozi ya barafu ndani ya kikombe kama hukuinywa haraka. Hakuna aliyekuwa na shida hiyo.

Mimi nilikuwa na kibanda changu cha soseji, kama kila mwaka. Jirani yangu upande wa kulia alikuwa Annika Tveit, binti wa miaka ishirini na tisa anayepika bia yake mwenyewe katika lililokuwa zamani zizi la babu yake. Annika ana mchezo unaopendwa kuliko yote pale. Anaweka fimbo za chuma ndani ya moto mpaka ziwe nyekundu, halafu anaichovya moja katika kikombe chako cha bia nyeusi. Bia inanguruma, povu linapanda limeungua rangi ya asali, na unakunywa kitu ambacho ni cha moto juu na baridi chini. Foleni yake haiishi.

Marlys alifika, akatazama, uso ukambadilika. Vibanda vilikuwa vimeachana kweli, kama ilivyoandikwa. Lakini trela la mapipa, lile kubwa la ubaridi ambalo siku hiyo kazi yake ilikuwa kuzuia bia isigande, lilikuwa limesukumwa nyuma ya kibanda cha Annika, kwa sababu ndiye aliyeuza sana. Jenereta lilikuwa hapo pia. Kuni, nusu lori, hapo. Na wapiga muziki, watu watano na kodiani, walikuwa wamepangwa hapo hapo, kwa kuwa waya wa umeme haukufika kwingine. Kila kitu kizito cha tamasha kilikuwa mahali ambapo ungeweza kukizunguka kwa dakika moja.

"Nani amesogeza hili trela?" akaniuliza.

"Vijana wa kamati. Wendell aliwaambia."

Marlys alileta kekee, akatoboa shimo hatua chache kutoka kwenye magurudumu, akapiga magoti na kusubiri maji yatulie. Barafu huelea, na kwa hiyo ndani ya shimo maji hukaa chini kidogo ya uso wake. Yalikaa inchi moja na nusu chini. Akakata alama kwenye kijiti chake, akaingiza, akatoa, akatazama. Kisha akaanza kutembea.

Siku ile Marlys alinunua kwangu soseji nne. Kila moja aliiuma mara moja, akaiweka kwenye meza yangu, akaenda kuangalia shimo. Nilizipanga mstari.

Saa saba maji yalikuwa inchi moja chini. Saa saba na nusu, nusu inchi. Watu walikuwa wakizidi kusongamana kwa Annika, maana jua lilikuwa halina kazi yoyote na pale kulikuwa na moto. Walimwona Marlys akipiga magoti shimoni kila baada ya dakika kumi.

"Bibi Rudeen, samaki wanauma?" mmoja akapaza sauti.

"Mpeni soseji awe na chambo!"

"Mimi nimekaa kwenye kiti changu, Bibi Rudeen! Usimwandikie mama barua!"

Kicheko. Hapo ziwa likatoa mlio wake, ule mngurumo mrefu kama mtu anaburuta kabati ghorofani, ukapita chini ya miguu yetu toka ng'ambo hadi ng'ambo. Umati ukashangilia na kuinua vikombe. Nilimtazama Marlys, nikidhani huo ndio anaouogopa.

"Hiyo ni baridi tu," akasema. "Inalia hivyo kila mwaka. Shida yangu iko hapa." Akanionyesha kijiti. Kilikuwa kimelowa mpaka juu.

Saa nane kasorobo maji yalifika usawa wa barafu. Halafu, bila haraka, yakatoka. Yalienea taratibu chini ya theluji iliyokanyagwa, ikageuka kijivu, kisha nyeusi. Watu walianza kuinua miguu na kutazama buti zao. Mtu mmoja akamlaumu mwenzake kwa kumwaga bia.

Marlys alikwenda kumleta Wendell kwa kumshika mkono wa koti, kama alivyokuwa akishusha mtoto mkorofi. Walisimama kando ya shimo, upande wa kibanda changu.

"Ni moto huo," alisema Wendell. "Umeyeyusha kidogo."

"Moto uko hatua kumi kutoka hapa. Na haya yanatoka shimoni. Tazama! Hapa tulipo tumeshuka inchi moja na nusu, Wendell, na tunaendelea kushuka."

Wendell alitazama. Niliona kicheko kikimtoka usoni, kikibaki kitu kingine. Akashusha sauti. "Sasa unataka nifanye nini? Nikishika kipaza sauti nikasema barafu inabonyea, watakimbia. Watu elfu mbili, wamelewa, wote kwa mara moja, wote upande mmoja. Hapo ndipo tutazama kweli."

Alisema kweli. Na Marlys alijua ni kweli, kwa sababu alisimama. Simaanishi aliacha kutembea tu. Alisimama kabisa, mikono imening'inia, macho hayaendi popote. Sijawahi kumwona hivyo kabla wala baadaye, na ni hapo ndipo mimi nilipoogopa. Mpaka dakika ile nilikuwa nikigeuza soseji.

Kisha akageuka, akapita katikati ya foleni ya Annika bila kuomba njia.

"Bibi Rudeen!" Annika alisema kwa furaha. "Njoo upashe mikono. Nikupe kidogo?"

"Annika, ukihama na hivyo vyuma, hawa watakufuata?"

"Hawa? Watanifuata mpaka kanisani."

"Basi hamia nchi kavu. Kwenye uwanja wa kuegesha magari. Sasa hivi."

Annika alitaka kucheka, halafu akatazama chini. Maji yalikuwa yameshafika kwenye vidole vya buti zake. Hakuuliza. Alivaa glavu zake nene za ngozi, akamwambia mwenzake abebe mtungi wa bia nyeusi, akachomoa fimbo sita kutoka motoni, zinawaka, akaziinua juu ya kichwa chake ili wote wazione.

"Wanaotaka bia ya moto!" akapaza sauti. "Nahamia ukingoni, huku kuna upepo! Nifuateni! Lakini polepole, na mmoja mmoja! Nikimwona anayekimbia, hapati!"

Nafikiri ni neno hilo la mwisho lililotuokoa. Watu wazima, wenye ndevu na madeni ya nyumba, walijipanga nyuma ya msichana yule wakatembea kwa hatua fupi fupi kama maharusi, kila mmoja akimchunga mwenzake asiharakishe. Mpiga kodiani naye akaona wateja wanaondoka, akaondoka nao huku akipiga. Wenzake wakafuata, na waliokuwa kwenye vibanda vingine, walipoona muziki unakwenda ukingoni, nao wakaja nyuma. Mimi nilizima jiko langu na kuacha kila kitu.

Marlys alitembea ubavuni mwa msururu ule, mikono ameipanua, akirudi nyuma, akienda mbele, midomo ikicheza. Nilipokaribia nikasikia anahesabu. "Mia mbili na nane, mia mbili na tisa, Lloyd, mwachie nafasi huyo aliye mbele yako, mia mbili na kumi..."

Waliobaki ni wanaume saba waliokuwa wameuzunguka moto na kuona wamepata bahati ya kuwa nao peke yao.

"Sisi tuko salama hapa," mmoja akasema. Huyo alikuwa Kenny Brask, fundi wa mabomba, miaka arobaini na minne, watoto watatu.

Marlys hakupiga kelele. Alitoa ile sauti nyingine, ya chini, inayokata, ambayo ilikuwa ikifika kiti cha mwisho cha basi bila yeye kugeuza kichwa.

"Kenneth. Shuka."

Kenny alikuwa amesimama na kupiga hatua nne kabla hajakumbuka kwamba hayumo ndani ya basi lolote. Wenzake walimcheka, lakini walikuwa nyuma yake.

Sasa palibaki trela, na moto, na kuni, katika dimbwi lililokuwa likipanuka. Dereva wake alitaka kuingia na gari alivute. Marlys akasimama mbele ya bampa, akasema labda ampitie juu yake kwanza. Wendell alikuwa na trekta mpya pale ukingoni, ameileta kuwaonyesha wateja, na alikuwa na waya wa chuma mrefu wa kutosha. Tatizo ni kwamba lazima mtu atembee akatie kulabu.

"Nakwenda mimi," Wendell akasema. Alikuwa amevua kofia, sijui kwa nini, na masikio yake yalikuwa yameshaanza kuwa meupe kwa kugandishwa na baridi. "Mimi ndiye niliyeliweka pale."

"Wewe una kilo mia na ishirini," Marlys akasema. "Lete hapa."

Hapo ndipo nilipomwona Harlan. Alikuwa ameacha kiti chake, jambo ambalo peke yake lingetosha kuzungumzwa wiki nzima. Alikuja na kamba yake ya kuvulia, ile nene ya kuvutia kibanda, akaifunga kiunoni mwa mkewe, mafundo mawili, akavuta kuyajaribu, kisha akazungusha upande wa pili kwenye mgongo wake mwenyewe.

"Marlys," akasema. "Mara moja tu katika maisha yako. Taratibu."

Alikwenda taratibu. Nadhani hicho ndicho kitu kigumu kuliko vyote alivyofanya siku ile. Aliburuta nyayo, hakuziinua, waya mkononi. Maji yalimfika vifundoni, halafu juu zaidi. Watu elfu mbili ukingoni walinyoosha shingo wamwone. Alifika, akainama, tukasikia kulabu ikigonga chuma mara moja, mara mbili. Vidole vyake vilikuwa vimekufa ganzi. Mara ya tatu ikashika. Akarudi vile vile, akiburuta nyayo, Harlan akikunja kamba kadiri anavyokaribia.

Alipokanyaga nchi kavu, Wendell akaondoa trekta.

Trela lilisogea mita moja, na barafu ikakatika chini ya gurudumu la kushoto kwa mlio wa bunduki. Likalala upande. Mlango ukafunguka, mapipa mawili yakatoka, yakabingirika kwa heshima zao zote na kutumbukia. Trekta ikang'ang'ana. Trela lilitoka likivunja ukingo wa shimo kila lilipopanda, na nyuma yake kipande kizima kilichobeba moto kikainama. Moto ukateleza ndani ya maji, ukazomea, mvuke ukapanda mrefu na mweupe, kuni zikafuata. Mahali nilipokuwa nimesimama saa nzima nikigeuza soseji, na foleni ya watu mia tatu kando yangu, palikuwa na maji meusi yanayocheza.

Sauti ikatoka nyuma:

"Mapipa gani yale?"

"Ile bia nyepesi."

"Aa. Basi hakuna msiba."

Watu walicheka mpaka wengine wakakaa chini, kicheko cha kutetemeka, cha watu waliokuwa wakitazamana na kushikana mikono ya makoti. Mwanamke mmoja alikuwa akilia huku anacheka, na machozi yakimgandia.

Tulimwingiza Marlys ndani ya gari langu. Buti zake zilikuwa zimekuwa magamba ya barafu. Harlan ilibidi azigonge kwa bisibisi ndipo zikavulika. Nilichukua miguu yake mapajani mwangu, nikaifunika kwa koti langu na kuisugua. Ilikuwa kama samaki. Annika alibisha dirishani, akampa kikombe kilichokuwa bado kinatoa mvuke. Marlys alikishika kwa mikono miwili, akanywa mafunda mawili.

"Trela lina nyufa kwenye ekseli?" akauliza. "Mtu ameweka kamba kuzunguka shimo? Watoto watakwenda kuchungulia. Wacha nikaone."

Akashika kitasa cha mlango. Harlan, aliyekuwa kiti cha mbele, akanyoosha mkono nyuma bila kugeuka, akauweka juu ya goti la mkewe.

"Kamba imewekwa," akasema. "Nimeiweka mimi."

Marlys akakaa ametulia. Harlan anadai zilikuwa dakika saba. Mimi nasema tano. Baadaye kidogo tulimwona yuko nje na soksi za Harlan na buti za Annika, akimwelekeza dereva jinsi ya kurudisha trela nyuma.

Kamati ilikutana Jumapili, mbiombio, baada ya kanisa. Walipiga kura tamasha lifanyike nchi kavu kuanzia mwaka unaofuata, kwenye bustani ya ukingoni. Wako wanaonung'unika mpaka leo kwamba bia ya baridi bila ziwa chini yake ni bia tu. Hawanung'uniki mbele ya Marlys.

Wendell hakusema chochote kwenye kikao, wala hakumwomba mtu msamaha. Sisi huku hatuna ufundi wa maneno hayo. Lakini Jumatatu asubuhi, usiku ukiwa umeshusha theluji mpya ya kufika magotini, nilisikia beleshi likikwaruza, nikachungulia. Alikuwa Wendell, masikio yamefungwa bendeji yote mawili, akisafisha njia ya gari ya akina Rudeen. Ana mashine sita za kazi hiyo dukani kwake. Alikuwa anatumia beleshi.

Mlango ukafunguka. Marlys akatoka na koti juu ya nguo ya kulalia.

"Unairundika upande mbaya," akasema. "Upepo utairudisha yote."

"Irundikwe wapi?"

"Huku. Na usiinue kwa mgongo, utajiumiza."

"Ingia ndani, Marlys. Miguu yako bado."

"Miguu yangu haikuhusu."

Alisimama pale kizingitini akimtazama. Nilimhesabia: beleshi moja, mbili, tatu. Katika la nne akaingia ndani, na alipotoka tena alikuwa na la kwake.